Maganda ya Embe na Plastiki ya Bakteria: Kumbukumbu kutoka Lubumbashi

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, na mpaka leo hesabu zake zote kubwa huandikwa kwa tani za madini. Ndiyo maana masalio ya matunda, ambayo hujaa kwenye mifereji ya masoko mara tu mvua za Novemba zinapoanza, hayana daftari wala mhasibu. Hata hivyo ndani ya masalio hayo mna sukari, na wapo bakteria ambao wakilishwa sukari hiyo kwa namna fulani hutengeneza ndani ya miili yao plastiki inayoyeyuka kwa moto kama plastiki ya petroli, lakini ikizikwa udongoni huoza. Kumbukumbu hizi zinatokana na majaribio madogo yaliyofanywa uani, katika mitaa ya mji huo iitwayo Kenya na Katuba, na wakamuaji wa juisi pamoja na mwandishi aliyewafuata kwa misimu kadhaa. Na jambo zinalotaka kulithibitisha ni kwamba ugumu wa kazi hii hauko sana kwa bakteria, ambao wanasayansi wanawafahamu kwa karibu karne nzima, bali uko katika ganda lenyewe, yaani katika kujua ni la nani, linakaa saa ngapi kabla ya kuchacha, na linapatikana katika majira gani.

Bioplastiki ni jina la jumla la plastiki ambazo ama zimetokana na viumbe hai ama huozeshwa na viumbe hai, na sifa hizo mbili haziendi pamoja siku zote. Ipo poliethilini ya miwa, ambayo ikitupwa mtoni hukaa miaka kama dada yake wa petroli, na ipo asidi ya polilaktiki, ambayo huoza, ila kwa wepesi tu pale inapopata joto la jaa la kiwandani, karibu nyuzi 58 za Selsiasi, joto ambalo hakuna shimo la takataka la Lubumbashi linaloweza kuliahidi. Kundi linalozungumzwa hapa ni la tatu, nalo huitwa polihidroksialkanoeti, au kwa kifupi PHA: ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zinazofumwa na bakteria wenyewe na kuliwa tena na bakteria wengine udongoni na majini bila kuhitaji jaa maalumu. Mashuhuri katika kundi hilo ni PHB, ambayo Mfaransa Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur aliieleza katika miaka ya 1920 baada ya kuikuta ndani ya bakteria wa udongo.

Kwa bakteria, PHB ni akiba. Kiumbe huyo anapopata sukari nyingi huku amepungukiwa na nitrojeni au fosforasi, ambazo ndizo zingemwezesha kujenga protini na kugawanyika, huigeuza sukari iliyozidi kuwa chembe nyeupe na kuziweka ndani ya seli yake, akizisubiri siku za njaa. Mfugaji stadi akiilinda vyema hali hiyo ya shibe yenye upungufu, akiba inaweza kufikia asilimia 80 ya uzito mkavu wa bakteria. Anayetumiwa zaidi viwandani ni Cupriavidus necator, ambaye, kwa sadfa inayompendeza mtu wa Katanga, eneo la migodi uliko mji huu, alipewa jina hilo mwaka 1987 kwa sababu ukuaji wake ulichochewa na shaba. Ndugu yake, Cupriavidus metallidurans, aligunduliwa katika kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji katika miaka ya 1970, na watafiti wa Ubelgiji walipochunguza udongo wa maeneo ya migodi ya Katanga walikuta humo pia bakteria wa ukoo huo wanaostahimili metali. Kwa maneno mengine, udongo uliounguzwa na moshi wa kuyeyushia shaba, ambao wakulima wanaukimbia, umekwisha kuwapa makao viumbe wa jamii ambayo maabara za ulimwengu hununua na kutunza kwenye majokofu.

Kwa nini basi dunia haijajaa plastiki hiyo? Kampuni ya ICI ya Uingereza iliitengeneza kwa jina la Biopol, na mwaka 1990 chupa za shampuu ya Wella zilizotokana nayo ziliuzwa Ujerumani. Biashara hiyo ikahamia kwa Monsanto mwaka 1996, kisha mwaka 2001 kwa Metabolix, kila mmiliki akikuta kwamba bei ya plastiki ya bakteria inashinda ile ya petroli mara kadhaa. Sehemu kubwa ya gharama, ambayo wachambuzi wengi huikadiria kuwa karibu nusu, ni chakula cha bakteria, hasa kinapokuwa glukosi safi ya kununua. Kule Brazili watu wa jimbo la São Paulo waliifikiria kazi hii kwa akili zaidi, wakauweka mtambo wao wa majaribio ubavuni mwa kiwanda cha sukari, ambako sukari haisafirishwi na makapi ya miwa huchomwa ili kutoa mvuke na umeme. Fikra ya kutumia masalio ya matunda ilizaliwa kutokana na hesabu hiyohiyo: ikiwa chakula ndicho kinachoua biashara, basi na kitafutwe chakula ambacho mtu angelipa ili kiondolewe mlangoni kwake.

Fikra hiyo ni nzuri, lakini katika mji wa Lubumbashi inakutana na swali ambalo makala za maabara hazilijui. Katika masoko, ganda la nanasi halilali bure. Mbuzi wa mitaani wana wenyewe, nguruwe wa Katuba na wa wilaya ya Annexe wanangojea ndoo jioni, na wakulima wa mboga wa pembezoni huchukua kilichobaki kwa ajili ya mboji; mkamuaji mmoja wa juisi, alipoombwa maganda kwa mara ya kwanza, alijibu kwa Kiswahili cha mji, «Papa, maganda ile iko na mwenyewe», akimaanisha shemeji yake mwenye nguruwe wawili. Jibu hilo lilifundisha zaidi ya jedwali lolote. Kile ambacho mtafiti hukiita taka tayari kimo katika mahusiano ya jamaa na majirani, na anayekitaka hana budi kuingia katika mahusiano hayo kwa kulipa au kwa kubadilishana, jambo ambalo linaiondoa mara moja ile dhana ya malighafi isiyo na bei. Makubaliano yaliyofaa hatimaye yalikuwa ya kubadilishana: maganda yalikamuliwa mara ya pili ili kutoa maji yake matamu, na makapi yaliyobaki, ambayo nguruwe hawayabagui, yalirudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Kiasi kinachopatikana hakipaswi kutiwa chumvi. Ganda na kokwa la embe pamoja huwa kati ya theluthi moja na nusu ya uzito wa tunda, au zaidi kidogo kwa aina ndogondogo zenye nyuzi, na nanasi lililomenywa huacha kama nusu yake kwa upande wa ganda, moyo na kishungi. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Tukichukulia kwamba kilo 100 za maganda mabichi zitatoa kilo 6 za sukari inayoyeyuka, na kwamba bakteria watageuza gramu 100 za sukari kuwa gramu 30 za PHB, ilhali kikomo cha kikemia ni takriban gramu 48, mavuno yatakuwa chini kidogo ya kilo 2 za plastiki. Mfuko mmoja wa maji ya kunywa, ile sasheti ambayo watoto huuza barabarani, ukiwa na gramu 2 za plastiki, mzigo mzima wa mkokoteni utalingana na sasheti zisizofika 1,000. Mtu anayekumbuka kwamba Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki nchini, na anayeona jinsi sasheti zinavyoendelea kuziba mifereji kila mvua ikinyesha, angependa hesabu hiyo iwe kubwa zaidi; lakini haiwi, na mradi unaotangazwa kuwa utaiondoa sasheti kwa maganda ya embe unastahili kutiliwa shaka na kila ajuaye kuzidisha na kugawanya.

Baada ya umiliki huja saa. Maji ya nanasi yaliyokamuliwa asubuhi katika joto la Oktoba huanza kutoa mapovu kabla ya jioni, kwa kuwa hamira za asili zilizo juu ya ganda hazingojei ruhusa ya mtu, na sukari zinayoila hugeuka pombe ambayo mfugaji wa bakteria hakuikusudia. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu kichwani ni kuyachemsha maji hayo mpaka yawe asali nzito isiyochacha. Njia hiyo inafanya kazi, na wanawake wanaotengeneza jemu wanaijua. Lakini mji unaopika kwa makala, yaani mkaa wa miti ya miombo iliyokatwa mbali zaidi kila mwaka, hauwezi kuchemsha maji ya maganda kwa wingi bila kuchoma msitu ili kuokoa mfereji. Ni ajabu kwamba maandishi mengi kuhusu bioplastiki hupima uchafu wa plastiki kwa makini na kuunyamazia moto unaoipika.

Majira nayo yana lao. Joto ambalo bakteria wengi wa kazi hii wanalipenda ni karibu nyuzi 30, na kuanzia Oktoba hadi Machi ua wa nyumba ya Lubumbashi hutoa kitu kisicho mbali na hapo bila gharama. Lakini mji umekaa juu ya uwanda wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi chini ya nyuzi 10, kiasi kwamba vyombo vilivyowekwa nje vililala kama mawe. Jambo baya zaidi ni kwamba tunda la miezi hiyo ya baridi ni chungwa na chenza. Ganda la jamii ya michungwa lina limonini, mafuta yenye harufu kali ambayo ndiyo silaha ya tunda dhidi ya vijidudu, na mchuzi wa maganda hayo ukitumika bila kuondolewa mafuta huwadumaza au kuwaua bakteria waliokusudiwa kunenepeshwa. Kwa hiyo wakati wa joto kuna maganda mema mengi kuliko uwezo wa kuyakusanya, na wakati wa baridi kuna maganda yenye sumu na mikono mitupu. Mwenye kiwanda angeyachemsha maganda ya chungwa kwa mvuke na kuuza mafuta yake kwa watengenezaji wa sabuni. Uani, yaliachwa yaende kwenye mboji.

Ndizi zilileta fundisho la kupendeza zaidi. Ganda la ndizi mbichi lina wanga zaidi kuliko sukari, na bakteria wengi wa PHB hawana meno ya kuutafuna wanga, ambao lazima kwanza ukatwe vipande na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Vimeng'enya vya dukani ni ghali na huagizwa kutoka mbali. Lakini Katanga nzima hunywa munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi ambao hulegezwa na kutiwa utamu kwa mizizi ya mimea ya porini, na kazi ya mizizi hiyo si nyingine ila kuukata wanga kuwa sukari. Mizizi ileile ilipotwangwa na kutiwa katika uji vuguvugu wa maganda ya ndizi, uji ulilegea na kuwa mtamu, kama walivyotabiri akina mama ambao hawakuwahi kusikia neno kimeng'enya na hawakulihitaji. Kuna ujuzi wa kibioteknolojia katika mitaa ya Lubumbashi ambao haujawekwa katika mtaala wowote, na pengine mtafiti mwenye haraka ya kuagiza chupa kutoka ng'ambo angefaidika kwa kukaa kwanza karibu na chungu cha munkoyo.

Hata hivyo PHB yenyewe haikutengenezwa uani, wala haikupasa kujaribiwa huko kwa kiasi cha kuuzwa. Cupriavidus hula kwa kupumua, na anaponenepeshwa kwa wingi ndani ya tangi humaliza oksijeni iliyoyeyuka majini upesi sana, hata pampu ya hewa ikisimama kwa dakika chache kundi zima huanza kukosa pumzi. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, tangi la namna hiyo bila jenereta ya akiba ni kamari. Yapo pia matatizo ya kuitoa plastiki ndani ya seli. Klorofomu huiyeyusha vizuri, lakini ni kimiminika chenye sumu ambacho hakifai kuwa karibu na jiko wala watoto, na maji ya klorini ya kufulia, ambayo huzimeng'enya seli na kuiacha PHB, huikatakata pia minyororo ya polima na kuidhoofisha. Na baada ya taabu hiyo yote, PHB tupu ni ngumu na hukatika kama biskuti isipochanganywa na kiungo cha pili kiitwacho valereti wakati bakteria wanapoifuma.

Kilichokubali mazingira ya uani kilikuwa ndugu wa mbali wa plastiki hiyo, selulosi ya bakteria. Bakteria wa siki, ambao leo huitwa Komagataeibacter na ambao Mwingereza Adrian John Brown aliwaeleza mwaka 1886, hufuma juu ya uso wa kimiminika kitambaa laini cha nyuzi nyembamba mno, na Wafilipino wamekuwa wakikila kitambaa hicho kama kitindamlo kwa vizazi vingi, kikiwa kimekuzwa kwanza kwenye maji ya nanasi na baadaye kwenye maji ya nazi. Uzuri wake kwa Lubumbashi ni kwamba kinataka kutulia: hakuna pampu, hakuna mota, na umeme ukikatika usiku kucha hakuna anayejua. Asidi ya siki wanayoitoa hufukuza vijidudu vingi, kwa hiyo beseni la kawaida lililofunikwa kwa kitambaa safi linatosha. Maji ya nanasi yaliyopunguzwa nguvu kwa maji, siki kidogo ya kuanzia na urea kiasi cha kijiko viliweza kutoa, katika wiki moja au mbili za joto, utando wenye unene wa kidole, ambao baadaye ulioshwa kwa soda kali, ileile ya watengenezaji wa sabuni ya mawese, ukatandazwa kwenye ubao na kukauka.

Hapa ndipo wageni wengi walipovunjika moyo, kwa maana utando huo ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, na kile kilichoonekana kama shuka nzito hubaki ngozi nyembamba ya rangi ya chai. Si plastiki kwa maana ya kitu kinachoyeyuka na kumiminwa katika kalibu, na haizuii maji; ikiloweshwa hunywa na kuvimba. Fundi viatu mmoja aliyepewa vipande alivisifu kwa kutochanika vinapovutwa na kuvilaumu kwa kupasuka vinapokunjwa vikiwa vikavu, hukumu ambayo iliafikiana kabisa na yale yaliyoandikwa na wataalamu, isipokuwa yeye aliitoa kwa nusu dakika na kwa kutumia vidole. Kupakwa mafuta ya mawese kulisaidia kidogo. Kwa kufunika miche ya miti kitaluni, mahali ambapo kuoza ni faida na kunywa maji si kosa, vipande hivyo vilifaa zaidi kuliko popote pengine, na ni busara kuanzia hapo kuliko kuanzia kwenye sasheti ya maji, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kuna tahadhari moja ambayo ni ya Katanga peke yake au karibu hivyo. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mara nyingi shaba, kobalti na kadimiamu katika udongo na mboga za bustani za mji, na mtu anayekamua maganda yaliyookotwa chini, yenye vumbi la barabara ya malori ya madini, anayakamua pamoja na vumbi hilo. Nyuzi za selulosi hushika metali vizuri, sifa inayotafutwa na wasafishaji wa maji machafu, lakini kwa kitu kitakachoishia shambani ni hatari inayotaka kupimwa. Ndiyo sababu maganda yalipokewa katika ndoo kutoka mikononi mwa mkamuaji, kamwe si kutoka kwenye mfereji.

Kuhusu PHA, njia inayoelekea kuufaa mji huu si ya sukari bali ya kuchacha kwenyewe. Maganda yakifungiwa katika pipa lisiloingiza hewa hugeuka, bila moto na bila makala, kuwa mchuzi wa asidi nyepesi kama ile ya siki na ya siagi iliyoharibika, na mchuzi huo haupotezi thamani kesho yake kama maji matamu yanavyopoteza utamu wake. Wapo bakteria wanaokula asidi hizo na kuzihifadhi kama PHA. Katika jiji la Delft nchini Uholanzi, watafiti waliozoesha kundi la bakteria mchanganyiko zamu za shibe na njaa waliripoti mwaka 2009 akiba ya karibu asilimia 89 ya uzito mkavu, bila kulazimika kuua vijidudu vingine kwanza, kwa sababu zamu hizo zenyewe humnyima nafasi asiyejua kuweka akiba. Pampu ya hewa bado ni lazima katika hatua hiyo ya pili, na kwa hiyo mahali pake si ua wa Katuba bali ni ubavuni mwa kiwanda kinachoendesha jenereta zake mchana na usiku, kama vile cha bia au cha vinywaji, ambacho kina wahandisi, mvuke na maji machafu yake ya sukari ya kuongezea. Mapipa ya kuchachisha yanaweza kubaki mitaani, na mwenye nguruwe akaendelea kupata makapi yake. Kinachosalia ni bei ya pipa moja la mchuzi wa siki mlangoni mwa kiwanda, na katika mazungumzo yote yaliyofanyika na wakamuaji, hilo ndilo swali walilouliza kwanza.